Daktari wa Mifupa Kwenye Kamati ya Raga: Yanayoamuliwa Kabla ya Kipenga

Daktari wa upasuaji akialikwa kwenye raga, watu hudhani ameitiwa kisu. Misimu michache ikipita, anatambua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haiko thieta. Iko kwenye kikao cha kamati, siku ratiba inapopangwa, bajeti inapokatwa, na mjumbe mmoja anapouliza kama kweli mechi za ligi ya chini zinahitaji ambulensi. Shingo na magoti mengi tunayoyapokea hospitalini yalikwisha kuamuliwa hapo. Haya ninayoandika ni ya viwanja vya Nakuru, Kisumu, Kakamega na shule za magharibi, ambako raga huchezwa kwa nguvu na hospitali kubwa haiko mbali, mradi njia ya kuifikia imefikiriwa mapema.

Tuanze na lango. Viwanja vyetu kadhaa ni vya maonyesho ya kilimo: Showground ya Nakuru wanakochezea Menengai Oilers, ya Kakamega wanakochezea Kabras, na Mamboleo kule Kisumu. Vina malango zaidi ya moja, ila siku ya mechi hufunguliwa moja tu ili pesa za kiingilio zisipotee. Kufikia kipindi cha pili, lango hilo limejaa bodaboda, wauza mahindi na magari yaliyoegeshwa ovyo. Ambulensi ipewe lango lake, na ufunguo wa kufuli ukae na dereva, si na askari aliyekwenda kutafuta chai. Gari liegeshwe likitazama nje. Mtungi wa oksijeni ufunguliwe na geji isomwe kabla ya mechi, maana mtungi mtupu na uliojaa hufanana kwa macho. Ndani kuwe na ubao wa uti wa mgongo pamoja na mikanda yake, kola za shingo za saizi tofauti, mfuko wa kusaidia kupumua na barakoa zake, kifaa cha kufyonza matapishi, na mtu anayejua kuvitumia. Gari lisilo na mtu huyo ni teksi yenye king'ora.

Kwenye raga ya wachezaji saba kila upande, kama Prinsloo Sevens ya Nakuru au Dala Sevens ya Kisumu, mechi hufuatana tangu asubuhi hadi jioni na kila kipindi ni dakika 7 tu. Mchezaji mmoja akivunjika mguu saa nne asubuhi, ambulensi inaondoka, na mechi tatu zinaweza kuchezwa kabla haijarudi. Kanuni iandikwe: gari likitoka, mchezo unasimama hadi lirudi au lingine lifike. Isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mameneja wa timu asubuhi hiyo, mbele ya mwandalizi. Isipoandikwa, mwandalizi atatazama saa, atawatazama wadhamini, kisha ataagiza refa apulize. Nguvu ya daktari ya kubishana naye wakati huo ni ndogo sana. Nguvu yake ilikuwa miezi miwili nyuma, kanuni zilipokuwa zinaandikwa.

Kabla gari halijaondoka, simu ipigwe kitengo cha dharura cha hospitali inakokwenda. Umri, jeraha lilivyotokea, saa lilipotokea, dawa alizopewa, na kama anahisi vidole vyake au hahisi. Kisumu, ukitoka Mamboleo unashuka barabara ya Kakamega hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji bado wanaiita Russia. Ni barabara moja, lakini inapita Kondele, na Kondele Jumamosi jioni ni msongamano, na dereva anapaswa kujua hivyo kabla ya kuwasha gari. Nakuru nako, PGH, hospitali ya rufaa ya kaunti, ipigiwe simu vilevile. Mgonjwa aliyetangulizwa na simu hakai kwenye foleni akieleza jina lake na anakotoka.

Shingo ndiyo inayoninyima usingizi kuliko kiungo kingine chochote, na chanzo chake kikubwa mashuleni si ubaya wa mchezo. Ni kocha anayekosa propu, mchezaji wa safu ya mbele, na kuchukua kijana mnene wa Kidato cha Pili ambaye hajawahi kusukuma skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana, akamwambia ashikilie tu. Sheria za raga zimeliona hilo zamani: timu ikikosa wachezaji wa safu ya mbele waliofunzwa, refa anaamuru skramu zisizo za kusukumana. Kwa walio chini ya miaka 19, skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Sheria ipo, tatizo ni aibu. Kocha anaona aibu kukiri, refa anaona aibu kuuliza. Dawa yake ni ya kiofisi kabisa: karatasi ya timu iwe na nafasi ambapo kocha anaandika majina ya walio na uwezo wa kucheza safu ya mbele na kutia sahihi, na refa aikague kabla ya mechi. Kocha akishatia sahihi, aibu inahama.

Anayedhani karatasi haziokoi shingo aitazame New Zealand. Mwaka 2001 walianzisha RugbySmart, mafunzo ya lazima kila mwaka kwa makocha na marefa. Kwa kufuata mwenendo wa miaka ya nyuma, kati ya 2001 na 2005 walitarajia majeraha 9 ya uti wa mgongo yatokanayo na skramu. Lilitokea 1. Hakuna daktari wa upasuaji aliyewahi kupata matokeo kama hayo kwa mikono yake.

Shingo ikiumia, hatua ni hizi. Mtu mmoja anapiga magoti nyuma ya kichwa, anakishika kwa mikono miwili kando ya masikio na haachi hadi aambiwe. Mchezaji haketishwi, hageuzwi, hanyweshwi maji. Anaulizwa kama shingo inauma katikati kwenye mfupa, kama mikono au miguu ina ganzi, kama anaweza kuchezesha vidole vya miguu. Jibu moja likiwa baya, hapo hahamishwi bila ubao. Kumgeuza kunahitaji watu 5: mmoja wa kichwa, ambaye ndiye anayetoa amri, watatu wa mabega, nyonga na miguu, na mmoja wa kusukuma ubao chini yake. Wageuze kama gogo, kwa hesabu ya sauti moja. Watu hao wafanye mazoezi Alhamisi jioni, wakitumia mchezaji mzito kuliko wote. Kinachoharibika kwa kawaida ni kwamba wenzake wanakimbilia kumbeba, wawili mikono na wawili miguu, huku kichwa kikining'inia, kwa sababu refa ametaka mchezo uendelee. Refa aelezwe kabla ya mechi: daktari akiinua mkono, saa inasimama, hata ikichukua dakika 20.

Mtikisiko wa ubongo unahitaji ubishi zaidi kwa sababu mchezaji husimama, hutabasamu na kusema yuko sawa. Maswali ya kando ya uwanja yanajulikana: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi gani, nani alifunga mwisho, wiki jana mlicheza na nani, mlishinda? Yaulizwe mbali na timu, maana wenzake humnong'onezea majibu. Lakini jibu sahihi halimrudishi uwanjani mchezaji aliyeonekana akilala bila kujikinga, akiyumba kama mlevi au akijiunga na timu pinzani kwenye safu. Dalili moja ya wazi inatosha: nje, na harudi siku hiyo. Kwenye mashindano ya saba, siku hiyo maana yake ni mechi zote zilizobaki, pamoja na fainali. Tahadhari na yule anayeomba panadol baada ya mechi ya kwanza bila kusema kinachomuuma.

Kwenye raga ya kawaida isiyo na daktari wa kila siku, mwongozo wa World Rugby, chama cha raga cha dunia, ni kwamba hakuna kurudi mechini kabla ya siku 21 tangu aumie. Saa 24 hadi 48 za mwanzo ni za kupumzika, kisha kutembea, mbio nyepesi, mazoezi ya mpira bila kugusana, na kugusana mwisho kabisa, akiwa hana dalili yoyote. Usiku wa kwanza asilale peke yake, asiendeshe pikipiki, na kile wachezaji wanachokiita kipindi cha tatu, cha bia, kimpite. Pombe huficha dalili zilezile tunazozitafuta: kutapika, usingizi mzito, maumivu ya kichwa yanayozidi, mboni ya jicho moja kupanuka kuliko nyingine. Yoyote kati ya hizo, hospitali yenye mashine ya CT usiku huohuo.

Bega likitoka, karibu kila mara hutoka kwa mbele. Kabla ya kuligusa, pima mapigo kwenye kifundo cha mkono, kisha gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, pale beji ya askari inapokaa. Ganzi hapo inaonyesha neva imeumia, na iandikwe kabla ya bega kurudishwa, la sivyo utaambiwa ni wewe uliyeiumiza. Likiwa limetoka mara ya kwanza, picha ya eksrei kwanza. Hatari ni rafiki anayeweka mguu kwapani na kuvuta: shingo ya mfupa wa mkono inaweza kukatika, na kazi ya dakika 5 ikageuka upasuaji wa saa 3. Njia ya upole ni kumlaza kifudifudi, mkono ukining'inia na uzito wa kilo 5 ukifungwa kwenye kifundo, na kumpa dawa ya maumivu na muda. Kijana wa chini ya miaka 20 anayecheza raga aambiwe ukweli mapema: uwezekano wa bega kutoka tena unazidi nusu. Likishatoka mara kadhaa na kumega ukingo wa kikombe cha bega, kushona ligamenti peke yake hakutoshi. Ndipo tunafikiria Latarjet, upasuaji uliotokea Ufaransa mwaka 1954, ambapo kipande cha mfupa kinahamishwa na kufungwa kwa skrubu mbele ya kikombe. Kurudi kwenye kukaba ni kama miezi 4 hadi 6.

Kuna jeraha moja dogo ambalo ningependa kila meneja wa timu alijue kama anavyojua jina lake mwenyewe. Mchezaji anamshika mpinzani jezi, mpinzani anajikwamua, na kidole, mara nyingi cha pete, kinavutwa. Kinavimba kidogo. Anaambiwa kimeteguka, anakifunga pamoja na cha jirani kwa plasta, anaendelea kucheza. Kumbe kano linalokunja ncha ya kidole limeng'oka kwenye mfupa na limerudi hadi kiganjani. Kipimo chake ni cha sekunde 10: shika kiungo cha katikati cha kidole kikiwa kimenyooka, mwambie akunje ncha pekee. Ikikataa kukunjika, hiyo si tegu. Kano likirudi hadi kiganjani hukosa damu na kujikunyata, kwa hiyo lirudishwe ndani ya siku 7 hadi 10. Mwezi ukipita, mara nyingi halivutiki tena hadi mahali pake, na kinachobaki ni kupandikiza kano kwa upasuaji wa hatua mbili, au kuifunga ncha isikunjike kabisa. Fundi cherehani au fundi wa simu hawezi kusamehe hilo. Wengi wa wachezaji wetu wana kazi ya mikono Jumatatu.

Paja nalo lina balaa lake la kwetu. Goti la mpinzani likigonga paja, damu huvia ndani ya msuli. Siku inayofuata mchezaji anapelekwa kwa mkandaji, anakandwa kwa maji moto na mafuta hadi alie. Ukandaji huo wa siku za mwanzo huongeza damu, na katika damu hiyo mwili unaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli. Wiki 4 hadi 6 baadaye utauona kwenye eksrei, na goti halikunjiki hata kukaa chooni ni taabu. Kinachofaa ni kinyume chake: goti likunjwe kadiri linavyoweza, kama digrii 120, lifungwe hivyo kwa bandeji kwa saa 24 za mwanzo, barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa 2 au 3, na asikandwe kabisa siku 3 za kwanza. Sina ugomvi na wakandaji. Wana kazi yao baadaye. Ugomvi wangu ni na wanaofunga mfupa uliovunjika kwa vijiti na kamba ya kubana. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, na kuvuta kidole gumba cha mguu juu kukamfanya apige kelele, msuli unakosa damu ndani ya ganda lake. Fungua kila kitu na ukimbie. Baada ya saa 6 msuli huanza kufa, na mguu unaweza kukatwa kwa sababu ya mfupa ambao wenyewe ulikuwa wa plasta tu.

Kuhusu goti nitasema machache, maana wote wanalijua. Mlio, kisha kuvimba ndani ya saa 2: chukulia ligamenti ya msalaba ya mbele imekatika hadi ithibitishwe vingine. Upasuaji si wa haraka. Goti linyooke kabisa na uvimbe uishe kwanza. Ugomvi na kamati huja baadaye, mwezi wa sita, mchezaji anapokimbia vizuri na kocha anamtaka. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi anaochelewa kurudi, hadi mwezi wa 9, hupunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Miezi 9 ndiyo kiwango cha chini, na msuli wa mbele wa paja uwe umefikia angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Vitabu vya tiba ya michezo vilivyoandikwa Ulaya havina ukurasa wa malaria kwenye raga. Huku ziwani tunauhitaji. Mchezaji aliyemaliza dawa za malaria juzi anaweza kuwa na bandama iliyovimba, na bandama hiyo ikigongwa na bega la mkabaji hupasuka. Apimwe tumbo akiwa amelala, upande wa kushoto chini ya mbavu. Bandama ikihisika mkononi, hachezi hadi irudi. Na aliyegongwa ubavu wa kushoto, akaanza kulalamika kwamba bega la kushoto linauma ingawa halikuguswa, asipewe dawa ya kupaka. Hiyo ni damu chini ya kiwambo cha pumzi. Vivyo hivyo chembe za sikoseli: ukanda wa ziwa una watu wengi wenye jeni moja, wazima kabisa, wasiojua. Kwenye mazoezi ya mbio za kurudiarudia juani, mmoja wao anaweza kuishiwa nguvu za miguu na kuanguka bila mkazo wa misuli. Kocha akidhani ni uvivu na kumwongezea mizunguko, anamuua. Kipimo cha damu mwanzoni mwa msimu ni rahisi kuliko mipira miwili ya mechi.

Mvua ya alasiri ya Kakamega na Kisumu huja na radi. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu 30, mchezo unasimama na watu wanaingia ndani ya jengo au magari, si chini ya miti wala hema la wageni. Wanarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mashindano ya shule huona ugumu hapa kwa sababu ya mabasi na giza. Basi mechi zianze mapema asubuhi, na hilo nalo ni la kamati.

Mambo madogo ya uwanja: kipenga kisipulizwe kabla ya mtu kuzunguka akitazama vioo, mashimo na kinyesi cha ng'ombe waliolishwa humo wiki nzima. Milingoti ivishwe mito. Jino likitoka, lishikwe kwa sehemu nyeupe, lirudishwe shimoni au litumbukizwe kwenye maziwa ya pakiti kutoka kioski, na daktari wa meno amwone ndani ya saa moja. Anayevuja damu anatoka, ana dakika 15 za kushonwa na kubadilisha jezi, vinginevyo aliyeingia badala yake anabaki.

Halafu pesa. Tangu Oktoba 2024, mambo ya bima ya afya ya umma yako kwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na klabu nyingi zinaridhika mchezaji akionyesha kwamba amejiandikisha. Kujiandikisha bila michango hakumlazi hospitali. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Meneja akusanye uthibitisho wa malipo Januari, pamoja na ada ya uanachama. Asiyelipa asisajiliwe. Inaonekana ukatili, lakini michango ya M-Pesa inayopitishwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya mfupa kuvunjika huchukua wiki mbili, na jeraha lililo wazi linataka antibiotiki ndani ya saa moja.

Jambo la mwisho ambalo madaktari wenzangu hulikwepa ni nani anayewaajiri. Daktari anayelipwa posho na kocha atakuta mkono wake mzito kumtoa nahodha. Alipwe na chama au na mwandalizi, posho yake ipitishwe kwa kumbukumbu za kikao, na kanuni iseme kwamba uamuzi wake wa kumtoa mchezaji haukatiwi rufaa siku hiyo. Baada ya kila mechi ajaze fomu moja: nafasi ya mchezaji, dakika, tukio, kiungo, hatua iliyochukuliwa, siku alizokosa. Safu sita tu. Fomu hizo zifike kwa kamati kabla ya ratiba ya msimu mpya kuchapishwa. Zikija baada yake, zitasomwa kwa heshima, zitatiwa kwenye faili, na mechi mbili ndani ya siku nne zitabaki palepale kwenye ratiba.